Bingwa Aliyekatazwa Kukimbia

Guangzhou, Jumapili jioni, 1998

Sasa naelewa kwa nini daktari hamuwezi. Bibi Liang, mwenye nyumba wangu, alikuwa bingwa wa tenisi wa wanawake mjini hapa miaka ya hamsini, bila kulipwa hata senti. Siku hizi moyo unamsumbua, na daktari kamkataza kukimbia. Leo kanivuta uwanjani.

“Bibi, na moyo wako?”

“Mimi nitasimama tu. Utakimbia wewe.”

Nami nimezoea kubeba majora ya vitambaa kutoka soko la Zhongda, lakini leo nilihema mpaka koo likakauka. Kila mpira aliupeleka pale nisipokuwepo! Akacheka hadi akakaa chini. Nikamkimbilia kwa hofu.

“Niache,” akasema. “Nina furaha tu.”

Tuliporudi nyumbani, binti yake akapiga simu kuuliza kama mama yake anafuata amri ya daktari; nikamwambia anapumzika. Bibi alikuwa jikoni, anaimba.