Buibui la Miguu Minane

Croydon, London

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepoa tangu ile sindano? Mimi mwili mzima, lakini moyo umeniwaka wiki nzima na hapa sina wa kumwambia.

Yule bibi wa Kizungu ninayemtunza aliishi Mombasa ujanani. Nikipanga kabati lake nikakuta buibui, Mama, la kizamani, lile la kamba ya kufunga kichwani. Limefubaa, ila halina hata tundu. Nililinusa kama mjinga. Binti yake, Helen, akaniuliza linaitwaje, na jina lina maana gani. Nikamweleza ulivyonieleza wewe: ni jina la mdudu, wengine husema kwa weusi wake, wengine kwa vile linavyomtanda mtu kama utando. Nilifurahi. Miaka minne huku hakuna aliyeniuliza kitu chetu.

Jumamosi wakafanya sherehe ya Halowini, watu huvaa mavazi ya kutisha. Nimeshika sinia la keki, Helen akaingia amelivaa. Amelishonea miguu minane ya soksi zilizojazwa pamba! Wajukuu wakapiga mayowe. Akawaambia wageni, "Zuhura ndiye aliyenipa wazo!" Wakanipigia makofi. Nami nikacheka. Viza yangu imefungamana na kazi hii, Mama, nikacheka.

Bibi hakucheka. Alilitazama lile vazi, akaanza kulia na kuita, "Mwanaisha! Mwanaisha!" Huyo alikuwa yaya wa watoto wake, ndiye aliyempa buibui lake walipoagana. Helen akaninong'oneza, "Mwitikie tu, atatulia." Nikapiga magoti mbele ya kiti. "Abee," nikasema. Bibi akanishika mkono, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Wamekuvua."

Jumapili nikaifumua ile miguu, mmoja mmoja, nikaomba wanipe lile buibui. Helen akasema hapana, ni kumbukumbu ya familia. Limerudi kabatini na matundu yake.

Nisalimie dada na wanawe, na shangazi aliyenifunza kushona. Usiwaambie nililia.

Jana nimekwenda kazini nimejifunga leso kiunoni. Helen akaishika pindo. "Kanga, siyo? Na hii maana yake nini?"

Nikamwambia sijui.

Mwanao akupendaye,
Zuhura