Upande Mweupe wa Datsun

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kimefika! Nimekifungulia stoo, nyuma ya maboksi ya breki, mlango nimeuzuia kwa tairi. Kigari cha Lancia, cheupe, urefu wa kidole cha kati. Mistari mitatu ubavuni — bluu iliyoiva, bluu ya anga, nyekundu — na juu yake jina: BELFORTE. Taa zake ndogo kuliko punje za mtama. Nimekaa nacho mpaka chai ikapoa.

Mtu mzima, ndevu zina mvi, najificha na kigari! Lakini mimi na Kasian hatukusanyi vigari hivihivi tu. Ni vya yale magari ya mashindano yaliyokimbia kwa rangi za Belforte, basi. Yawe ya Mtaliano au ya Mjapani, ya lami au ya vumbi, sharti mistari mitatu. Belforte ndiye mdhamini. Na Belforte ni pombe. Hapo ndipo penye kazi.

Asmaa anafundisha watoto Kurani sebuleni kwetu kila alasiri. Marehemu baba yake alikuwa maalimu. Nipange jina la pombe juu ya vichwa vya watoto wanaosoma Juzuu Amma? Haiwezekani. Kwa hiyo kila ninachonunua kinakwenda kijijini Idodi kwa Kasian, kwenye kabati lake la kioo, chini ya picha ya Bikira Maria. Asmaa anajua tu kwamba nina rafiki Mhehe, fundi magari, na nikitoka kwake nachekacheka wiki nzima.

Gwakisa wa duka la jirani anajua. Vifurushi vinakuja kwa jina lake. Namwomba Mungu amfunge mdomo.

Ijumaa, 20 Juni

Kasian kapiga simu. Lancia niliyomtumia kwa basi imemfikia. Presha inamsumbua, anasema, lakini sauti ni ileile ya kuchokoza. "Shamsu, njoo upake upande wako! Gari linatembea na mguu mmoja wa suruali!"

Ni Datsun anayoisema. Tulipokuwa watoto Idodi, baba yangu ana duka, baba yake ana mashamba ya mpunga, rali ilipita pale. Tulikaa juu ya kichuguu tangu asubuhi. Vumbi, kelele, mara Datsun nyeupe yenye mistari na jina la Belforte ikasimama mbele yetu — rejeta inachemka! Kasian akakimbia kuleta maji kwa sufuria ya mama yake. Yeye akasimama kulia kwa gari, mimi kushoto. Dereva akatupungia, akaondoka. Miaka mingi tuliamini Belforte ni jina la yule dereva. Tulipokuja kujua ni pombe, tulikuwa tumeshapenda.

Hakuna kiwanda kilichotengeneza kigari cha Datsun ile. Kasian akatafuta kitupu, cheupe, tukakubaliana: kila mtu apake upande aliouona. Wake umekwisha, na jina limeandikwa. Wangu mweupe pee. Nimemwambia nakuja Sabasaba, inshallah. Kacheka. Kasema Sabasaba ya mwaka gani?

Asmaa kauliza jikoni, huyu rafiki yako mbona yeye haji kwetu? Nikasema kazi.

Jumanne, 1 Julai

Tekla kapiga. Mke wa Kasian. Alfajiri alisema kichwa, akaomba maji, hakuyanywa.

Kasian amekufa. Nimeandika ili niamini. Siamini.

Ijumaa, 4 Julai

Nipo Mlandege, Iringa mjini, nimelala kwa dada yangu Mwanakhamisi. Kesho narudi Mbeya. Niandike sasa, maana nikifika nitajidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Tulizika jana Idodi, kwenye kiwanja chake mwenyewe, hatua chache kutoka gereji yake. Gwakisa alinisindikiza. Watu wengi. Na watani, bila shaka — Mhehe hazikwi bila Wangoni kumsumbua. Mkubwa wao Faustina, jirani. Kavaa ovaroli la marehemu, kofia yake, spana mkononi. Kaingia chini ya gari la padri: "Mteja, gari lako bovu na mimi mbovu, hebu tuzikwe wote tupunguze gharama!" Watu wanalia huku wanacheka. Tekla naye alicheka. Ndiyo kazi ya mtani, nami najua. Nimekulia palepale.

Kisha wakaingia ndani, wakatoka na kabati.

Wakavipanga vigari vyote juu ya jamvi. Wakaanza kuvishindanisha kwenye vumbi, wanavisukuma, wanavigonganisha. "Marehemu mchoyo huyu! Mtoto akigusa anafukuzwa! Amka basi utukataze!" Utaratibu ni kwamba ndugu wanakuja kukomboa, wanaweka chochote kwenye ungo, vitu vinarudi ndani. Dakika chache tu za kuvumilia.

Sikuvumilia. Niliona Lancia imelala kifudifudi na ile Datsun imeshikwa na mkono wenye mafuta ya pilau. Nikasimama. "Wekeni chini! Hivyo ni vyangu!"

Jeneza liko pale, mimi nimemkasirikia mtani! Kama mtu wa kuja! Bartholomeo, kaka yake Kasian, alinishika mkono taratibu, kama anamtoa mlevi harusini. Kaninong'oneza: Shamsu, vyako kivipi? Ningemjibu nini? Kwamba nusu ya kabati la ndugu yake ni langu, nimelificha huku kwa sababu namwogopa mke wangu? Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Faustina ndiye aliyeniokoa. Au aliyenimaliza, sijui. Kaibeba Datsun juu. "Kumbe Mswahili una mali kwa Wahehe hukusema! Vingine wenyewe watakomboa. Hiki sikupi. Marehemu kaniambia una mke unamwogopa kuliko simba wa Ruaha. Aje yeye akikomboe! Asipokuja mpaka siku ya kujengea kaburi, nakizika kwenye simenti, kichwani pa mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko, msiba ukaendelea. Baadaye nilimfuata na hela. Kazisukuma. Nikasema basi nakuletea mbuzi. Akasema, mbuzi ndiye mkeo?

Kigari kiko ndani ya ovaroli la Kasian alilovaa Faustina, kwenye mfuko wa kifuani. Niliuona umevimba.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ndiyo siku niliyosema nakwenda. Duka nimefunga, nimekaa stoo. Baridi ya Mbeya inaingia mpaka kwenye mifupa. Asmaa kaniletea uji, kaniwekea shali mabegani. Anadhani ni msiba tu. Nilifungua mdomo mara mbili nimwambie. Nikaishia kusifia uji.

Jumanne, 8 Julai

Gwakisa! Mdomo ule!

Asmaa kaleta hotipoti ya mchana dukani. Gwakisa kakaa pale na mteja wake, anasimulia kwa vitendo: jamvi, vigari, mimi nasimama napiga kelele. Kamaliza na "shemeji, kumbe mnatafutwa Idodi mkakomboe gari la pombe!" Anacheka peke yake. Asmaa kaweka hotipoti juu ya kaunta, kaenda zake.

Jioni watoto wa chuo cha Kurani walipoondoka aliniita. Baba Ruwaida, kaa. Nikakaa kwenye mkeka walipokaa wao. Nikasema yote — rali, sufuria, Belforte, kabati, upande wa kulia, upande wa kushoto. Nilitegemea aanze na pombe. Nilikuwa na majibu tayari: sijawahi kuonja, ni rangi tu, ni bati na plastiki tu.

Hakuanza na pombe.

"Nani alikuwa anavifuta vumbi?"

Nikasema Tekla.

"Kwa hiyo mke wa mwenzako anajua kila kinachokufurahisha, anakifuta kwa mkono wake. Mimi sijui hata kina rangi gani." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ungeniambia nikakataa, ningekuwa nimekataa. Wewe ulinikatalia kabla hujaniuliza."

Nilitamani angefoka. Ningejua pa kushika.

Jumamosi, 12 Julai

Chakula kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, salamu zinajibiwa. Nyumba ni baridi kuliko nje.

Alhamisi, 24 Julai

Leo nimemwomba waziwazi. Mama Ruwaida, twende Idodi. Kajibu bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua: "Mimi sikomboi pombe." Baada ya kitambo: "Na mtu anayetumiwa salamu na watani mbele ya jeneza, aende kuchekwa tena?"

Ana haki. Hilo ndilo linaloniumiza.

Lile kabati lote, nimegundua, silitaki sana. Lancia wakae nayo. Ni Datsun tu. Nikifumba macho naona upande wake mweupe, ninaona mkono wa Kasian unaipindua kunionyesha, na mimi nasema nakuja, nakuja.

Jumapili, 3 Agosti

Bartholomeo kapiga. Arobaini ni Jumamosi ijayo. Misa asubuhi, fundi wa kaburi anamwaga simenti alasiri. Kauliza, na ile habari ya Faustina? Nikasema nakuja peke yangu. Kaguna. Kasema, mtani ni mtani, Shamsu, mimi simwingilii.

Mezani Asmaa kanimiminia chai. Mara:

"Yule dereva. Yale maji aliyanywa?"

Sikuelewa mara moja. Nikasema aliyamimina kwenye rejeta, yaliyobaki akanywa.

"Kwenye sufuria ileile?"

"Ileile."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupaka siagi mkate. Lakini alikuwa amewaza! Siku zote hizi alikuwa anawaza!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamka, kuna mabegi mawili mlangoni. Langu na lake. Nikamtazama. Akasema tutachelewa basi.

Mbeya mpaka Iringa aliniomba maji mara moja tu, pale Makambako. Mlandege dada Mwanakhamisi katupokea kwa furaha, hajui kitu. Wamekaa jikoni wakiongea habari za harusi ya mtoto wa jirani. Namsikia anacheka. Sijui anakwenda Idodi kukomboa, kumgombeza Faustina, au kumwona tu huyo Tekla. Sithubutu kuuliza. Kesho alfajiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwenye benchi la kazi la Kasian, chini ya banda la gereji. Vaisi yake ya kubania vyuma ipo. Harufu ya girisi ipo. Misa imekwisha, watu wamekula. Fundi na vijana wake wanachekecha mchanga pale kaburini, nawasikia.

Tuliposhuka, Faustina alikuwa amesimama njiani kabisa, ndani ya ovaroli. Kamzunguka Asmaa mzima, anamkagua. "Ndiye huyu simba? Mbona mdogo!" Wanawake wakaanza kucheka. Nikafumba macho. Asmaa alisema kitu, sauti ya chini, sikukisikia. Kicheko kikakatika. Kisha kikarudi, kikubwa zaidi, na safari hii Faustina ndiye aliyeshika tumbo. Akamshika mkono wakaingia ndani. Wanaume tukabaki tunatazamana.

Alikaa humo muda mrefu mno. Niliona dirishani: yeye na Tekla mbele ya kabati. Tekla anatoa kimoja kimoja, anaelekeza kidole, anasimulia. Asmaa anapokea kwa mikono miwili. Mara moja alijifuta macho na ncha ya mtandio. Tekla naye. Nikaja kukaa huku.

Sasa hivi ametoka. Amepita kaburini, fundi kamuuliza, "Mama, kigari kinawekwa au hakiwekwi? Simenti nachanganya." Amemwambia asubiri. Amekuja mpaka hapa, Datsun mkononi. Mkono mwingine kabeba boksi la Kasian la rangi. Ameviweka juu ya benchi, pembeni ya daftari hili. Upande wa kulia chini. Mweupe juu.

Nikamuuliza, umekomboa kwa kitu gani?

Kasema hayo ni ya wanawake.

Amefungua kikopo cha bluu mwenyewe, kwa kijiko. Utando juu, chini bado mbichi. Kanipa brashi. Kasema: "Mistari paka. Jina la pombe acha."

Brashi nimeilaza juu ya kikopo. Nimeandika haya yote kwanza ili nijikaze, na yeye ananiona naandika. Fundi ameita mara ya pili. Bartholomeo naye anaita. Nimemuuliza: nikimaliza, kinakwenda wapi, kule kwenye simenti au kwetu Mbeya?

Amevuta kigoda, amekaa upande wangu wa kulia.

"Paka kwanza," kasema.