Milamula ya Babu na Choo cha Wageni

Baba,

Shikamoo. Najua sitasikia "marahaba mwanangu, umekula?", lakini adabu ni adabu, na wewe mwenyewe ulisema mkubwa husalimiwa hata akiwa amelala.

Nina jibu lako. Wiki ile ya mwisho, pumzi zikikusumbua, hukuuliza habari za shamba wala mbuzi. Ulisema tu, "Nenda kaangalie milamula ya baba kama bado imesimama." Nikakuahidi. Nimekwenda, Baba, kuitafuta miti hiyo ya mpaka wa boma, na nimerudi nimechefuka.

Kwanza habari za hapa Nyamiaga. Mama hajambo. Bado anakumiminia uji asubuhi, halafu anaunywa yeye. Mazishi yako yaliharibiwa, na hilo linaniuma hadi leo. Mgombea mmoja, ambaye hata mkono hukuwahi kumpa, alifika na gari la vipaza sauti, akashika maiki jeneza likiwa bado juu, akatangaza eti "mzee huyu alikuwa mtu wetu." Mtu wao tangu lini? Vijana wa upande wa pili wakaanza kuzomea. Msibani, Baba! Mama alijifunika kanga usoni.

Kisha uchaguzi ukaja na mambo yake. Mtandao ukazimwa, watu wakajifungia ndani. Hata sasa sokoni ukiuliza bei ya ndizi, mtu anageuka kwanza aone nani anasikiliza. Mama Domina, jirani yetu, na mdogo wake Adela hawakusalimiana miezi, kisa fulana za vyama. Ndugu wa tumbo moja! Chama kisichowapa hata chumvi.

Ndipo kwaya yetu ikasema twende hifadhini, upande wa Biharamulo, tukapunguze mawazo. Tukakodi kosta. Wenzangu walikwenda kuona wanyama, mimi nilikwenda kuona kwenu, ulikozaliwa.

Furaha ilikuwepo, nisikufiche. Twiga mmoja alisimama katikati ya njia akatutazama kama mama mkwe anayekagua wageni. Mama Domina akapiga kelele, "Jamani, shingo yote hiyo akikohoa inakuwaje?" Adela akacheka, akashindwa kujizuia, akamwegemea dada yake. Hakuna mchungaji aliyewapatanisha. Ni twiga.

Tukafika kwenye ule mwamba uliopasuka katikati, ule uliotusimulia kuwa uliuona uliporudi huko kijana ukitafuta asali. Mwongoza wageni akatuonyesha kibao, akasema hapa ni pori la asili, halijawahi kukaliwa na watu. Nikamwambia, kaka, baba yangu amezaliwa hapa. Aliondolewa akiwa mgongoni mwa mama yake, mzungu alipowahamisha wote kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Akatabasamu, lile tabasamu la kumvumilia mgonjwa.

Niliinama. Udongo wote pale ni mavi ya chuma, Baba, yale mabaki meusi ya tanuri za wahunzi, mazito, yenye vitundu. Nikamwekea bonge moja mkononi, nikamuuliza: Tembo ndio walioyeyusha hiki? Kwaya nzima ikainama na vitenge vyake vya Jumapili. Kila aliyeokota alipiga kigelegele. Adela akaanza kuvuma kwa mdomo kama mivukuto, wengine wakaitikia, na tukacheza pale juu ya jasho la babu zetu mpaka vumbi likatimka. Tangu nikuzike sikuwa nimecheza.

Nikauliza milamula iko wapi, maana ulisema inazunguka boma lote, na penye mlamula hata mgeni anajua pana mwenyewe. Mwongozaji akanyoosha kidole nyuma ya mwamba. "Kule kwenye choo kipya."

Choo, Baba. Wamejenga choo cha wageni palipokuwa nyumba ya baba yako, palipozikwa kitovu chako. Tena kilizinduliwa! Kipande cha utepe bado kinaning'inia mlangoni. Mheshimiwa fulani alikuja na msafara akakata utepe wa choo, watu wakapiga makofi. Milamula waliing'oa ili apate kupigwa picha vizuri. Wakaitupa shimoni na chupa na karatasi za chooni. Ptuu! Nilitema mate palepale, na sijutii.

Lakini unaujua mlamula, hata uking'olewa fimbo yake huchipua. Fimbo zilikuwa bado za kijani. Nikashuka shimoni nikazitoa, moja baada ya nyingine, nikazifuta kwa kitenge changu. Mwongozaji akasema hairuhusiwi kutoa hata jani hifadhini. Nikamwambia hii ni takataka yenu, ninawazolea bure. Akazitazama zile fimbo, akanitazama mimi, akageuka kuangalia ndege.

Moja niliichomeka kando ya mlango wa choo, nikaishindilia kwa kisigino. Nyingine Mama Domina na Adela walizilaza chini ya viti, wakazifunika kwa magauni yao mapana. Getini askari alipochungulia, Adela akaanzisha pambio kwa sauti ya kupasua madirisha, sote tukadakia, naye akatupungia mkono tupite. Hivyo ndivyo urithi wako ulivyotoka, Baba, chini ya makalio ya kwaya.

Hasira haijaniisha. Kile kibao bado kipo, na waliokata utepe bado wanatuhutubia uzalendo kila siku. Nitarudi kila mwaka na kwaya yangu, nitamwagilia ule wa mlangoni, na kila atakayetoka chooni akifunga mkanda nitamwambia amesimama nyumbani kwa nani. Hilo nakuahidi.

Lala sasa. Mama amenituma nikwambie uji wa leo una maziwa.

Zile fimbo nilizipanda kulizunguka kaburi lako, kuanzia kichwani. Leo asubuhi nimekuta zimetoa majani. Uliuliza kama imesimama. Imesimama, Baba.

Binti yako mkubwa