Swali la Ishirini na Tatu

Mkongani, Machi 2, 1964

Kwa mkwe wangu Alfani, Kwale.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia wewe, na yeyote atakayeifungua barua hii kabla yako, kwamba tangu jana saa nne asubuhi mlango wangu una namba. Ni kumi na saba. Imeandikwa kwa chokaa, kubwa kama sinia, na ile saba imeinama kama imeandikwa na mtu anayetafuta kwa macho njia ya kukimbilia.

Baada ya tangazo hilo, assalaam aleikum. Mimi sijambo, kuku hawajambo isipokuwa mmoja. Natumai wewe hujambo, na Esha na mimba yake ya miezi sita hawajambo pia.

Mwandishi wa namba nilimwona kwenye upenyo wa jiko. Alikuwa na kofia yako, shati lako na masikio yako. Hakupiga hodi. Najua mkwe akimwona mama mkwe hupita pembeni, ndiyo adabu yetu, lakini adabu haikusema apite juu ya jogoo.

Huku watu wanasema mengi. Jirani yangu Mbodze, wa kumi na sita, anasema ni namba za kodi. Wengine wanasema tutagawiwa mashamba ya Wazungu, nao wameshaanza kugombania mipaka. Uhuru una miezi mitatu tu na tayari tuna namba. Nieleze. Nilijifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, na humo jambo hili sijaliona.

Jibu umpe Shutu muuza kuku, anayekuja Kwale kila wiki. Hajui kusoma, na huo ndio uzuri wake.

Mkweo,
Mwanarusi

Kwale, Machi 5, 1964

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo. Kwa jogoo naomba radhi. Esha anakusalimu kila siku, ila hajui kwamba nakuandikia.

Namba si ya kodi. Amekuja daktari kuchunguza watu wa wilaya hii wanajua nini na wanaonaje juu ya kichocho, ule ugonjwa wa kukoj... Mama, niwie radhi, neno hilo siwezi kulimaliza nikijua macho yako yatalipitia. Unaujua.

Maswali ni arobaini. Waulizaji ni wawili, mimi na Jefwa. Jefwa amepewa Kinango, mimi nimepewa Mkongani. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia, na hairuhusiwi kubadilisha. Nilimwambia daktari ya kumi na saba ni ya mama mkwe wangu. Akasema, "Vizuri sana, mtazungumza bila wasiwasi." Nikamweleza kwamba kwetu mkwe haketi mkeka mmoja na mama mkwe, hali naye, wala hataji mbele yake kitu chochote kilicho chini ya kitovu. Akayaandika yote kwenye daftari lake, akafurahi sana, kisha akaniambia niende.

Swali la ishirini na tatu ndilo linaloniua. Kwa hiyo nakusihi, Alhamisi ijayo uwe shambani. Nitapiga hodi mara tatu, nitaandika "Hakuwepo", na heshima ya kila mtu itabaki mahali pake.

Mkweo,
Alfani

Mkongani, Machi 10, 1964

Alfani, mkwe wangu,

Salamu. Mimi mzima.

Nimekuwepo Mkongani miaka hamsini na miwili. Nimekuwepo mwaka wa nzige na mwaka wa gharika. Sitaandikwa "Hakuwepo" na mtu niliyemwoza binti yangu.

Tena jana ulipokuwa kwa Mbodze, mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nachambua mchicha. Nilisikia yote.

"Mama, maji ya kunywa mnachemsha?"

"Twachemsha, mwanangu."

"Kila siku?"

"Ukitaka kila siku, basi kila siku."

"Na kuna mtu yeyote nyumba hii anayekojoa damu?" (Nadhani ndilo lako la ishirini na tatu. Nalinukuu neno, silisemi.)

"Damu? Hapa? La! Sisi wazima kabisa. Keti nikukatie dafu."

Ulipoondoka nikamwuliza kwa nini amekudanganya. Akanijibu, "Kijana ameniamkia vizuri vile, nimpe habari mbaya?" Alfani, sufuria ya Mbodze ina tundu tangu mwaka wa gharika. Hiyo haijachemsha hata uji.

Niletee maswali nijibu kwa kalamu. Karatasi si mkwe wangu.

Mwanarusi

Kwale, Machi 16, 1964

Mama, shikamoo. Natumai u mzima.

Maswali haya hapa, nimeyanakili yote. Yanatakiwa yaulizwe kwa mdomo. Nikigundulika nitafukuzwa, kwa hiyo ukimaliza yachome.

Jambo moja sikukwambia. Daktari ana sanduku moja la dawa. Mwisho wa Aprili litapelekwa mahali patakapoonekana pana wagonjwa wengi zaidi.

Mkweo,
Alfani

Mkongani, Machi 25, 1964

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Majibu yangu ni haya; yale ya "ndiyo" na "hapana" nimeyaandika nyuma.

La nne, kichocho huletwa na nini? Marehemu mama alisema ni kukalia jiwe lenye moto. Shangazi alisema ni muwa mbichi. Wanaume husema si ugonjwa, ni kijana anakua. Lakini swali lenu la tisa linauliza kama najua kwamba huletwa na konokono wa majini, wanaoyatia maji vijidudu vya kupenya ngozi. Basi jibu langu la nne ni konokono. Mkitaka kujua tunayoyajua, msitupe jibu maswali matano baadaye.

La kumi na mbili, je, huingia katika maji yaliyotuama? Mpunga hauoti juu ya mkeka.

La thelathini na moja, ungekubali binti yako aolewe katika nyumba yenye ugonjwa huu? Nimekubali aolewe na mtu anayekanyaga jogoo.

La ishirini na tatu nimeliwekea kikombe cha chai. Kimeacha duara. Usilisome.

Mkweo,
Mwanarusi

Kwale, Aprili 14, 1964

Mama, shikamoo.

Leo sina mengi ya salamu. Daktari amejumlisha. Mkongani, nyumba ishirini, mwenye damu hakuna hata mmoja. Anasema hajapata kuona watu wanaoshinda majini wakawa na afya kama hii. Sanduku litaondoka tarehe thelathini. Mahali pa duara la kikombe chako niliacha wazi kwenye fomu, naye amepahesabu "hapana".

Wiki jana Esha alikuja kwako. Alirudi akaniambia kwamba ukiinuka unashika mwimo wa mlango, na kwamba kanga zako unazifua mwenyewe watu hawajaamka, na alipotaka kukuanikia ulimpokonya. Yeye hakuelewa. Mimi nimeliuliza swali lile nyumba kumi na tisa, nimeelewa.

Daktari anasema ugonjwa huu ukiachwa hukausha kibofu, kisha hupanda kwenye figo, na ukifika huko hakuna sindano.

Mama, nimegeuza uso, nakuuliza kwa kalamu. Ndiyo au hapana?

Alfani

Kwale, Aprili 20, 1964

Mama, shikamoo. Shutu amekuja na kuku sita na hana barua. Nimemwuliza mara tatu, mpaka akadhani namtuhumu wizi. Zimebaki siku kumi.

Mwanao,
Alfani

Mkongani, Aprili 24, 1964

Mwanangu Alfani,

Ndiyo.

Tangu mwaka wa gharika. Marehemu mume wangu alikuwa hai, nikaogopa atadhani ni ugonjwa wa zinaa nimeuleta mimi. Kisha nikaogopa zaidi kwamba atadhani nadhani ameuleta yeye. Akafa bila kujua, nami nikabaki na siri isiyo na wa kufichwa, ila nilikuwa nimeshaizoea.

Usidhani tangu barua yako nilinyamaza tu. Nilikuwa bondeni, tunapanda mpunga. Wanawake tukiinama mstari mmoja hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nikasema langu, wa kwanza. Halafu Mbodze, huko mwisho wa mstari:

"Kumbe na wewe! Mimi nilijua nimelaaniwa peke yangu."

"Si ulimwambia kijana nyumba yako wazima kabisa?"

"Wewe je, ulimwambia nini?"

"Nilimwekea kikombe."

Walicheka mpaka miche ikawaponyoka. Kisha mmoja akasema na yeye, na mwingine, na mmoja akalia huku anapanda. Nilikuwa na ukambaa kiunoni, nikawa napiga fundo kwa kila mmoja. Mafundo ni kumi na moja, nyumba kumi na moja katika zile ishirini zenu. Orodha iko nyuma. Sikuwa na ubao wa kubania karatasi kama wako, lakini pia sikumtangulizia mtu jibu.

Mpe daktari. Jina langu liwe la kwanza, wasije wakasema nimewachongea.

Mkweo,
Mwanarusi

Kwale, Aprili 26, 1964

Mama, shikamoo.

Nimempa, na nimekiri kwamba maswali nilikuletea. Hakunifukuza, hana mwingine. Aliisoma orodha mara mbili. Anasema haiwezi kuingia katika uchunguzi, maana aliyeuliza hakufunzwa. Lakini sanduku amelishika. Anataka vichupa kumi na moja vya lile nisiloweza kulimaliza kuandika, vya Jumatano kati ya saa sita na saa nane mchana, kila kimoja na namba ya nyumba. Shutu analeta vitupu.

Wa kuvirudisha ni mimi, kwa baiskeli. Namwomba Mungu anisamehe, na wewe pia.

Alfani

Mkongani, Aprili 28, 1964

Mkwe wangu,

Kesho saa nane utakikuta kikapu kwenye tawi la mkorosho, mwanzo wa njia. Kimefunikwa majani ya mgomba na juu yake mihogo. Umetumwa mihogo. Hutamwona mtu, na hakuna atakayekuona.

Pale kwenye mawe ya mtoni, ushuke uikokote baiskeli.

Mwanarusi

Kwale, Mei 9, 1964

Mama, shikamoo.

Mihogo ilifika salama. Vichupa vyote kumi na moja vina mayai ya wadudu. Sanduku linakuja Mkongani.

Ila cha kumi na saba, daktari alikitazama muda mrefu. Anasema usitibiwe nyumbani, moyo wako uangaliwe kila sindano. Kitanda kiko tayari hospitali ya Msambweni kuanzia tarehe kumi na mbili. Nilimwuliza kama tumechelewa. Akasema hajui. Hilo nalo nakuandikia kama alivyolisema.

Esha nimemwambia. Alilia, kisha akaniuliza kwa nini yeye ndiye wa mwisho kujua habari za mamake. Atakusindikiza.

Mwanao,
Alfani

Kwale, Septemba 18, 1964

Mama, shikamoo. Mjukuu wako hajambo, anapiga kelele mpaka majirani wanamwamkia.

Ripoti ya daktari imetoka, imepigwa chapa. Nakunukulia mstari wetu: "Mkongani. Nyumba zilizotembelewa, ishirini. Wanaojua sababu ya ugonjwa, wote. Wanaochemsha maji, wote. Waliosema wana damu, hakuna." Kwa sababu karatasi ndizo zilizohesabiwa. Vichupa vilikuwa kazi nyingine.

Tena chini kuna maelezo madogo. Mwezi wa Mei daktari mwenyewe alizunguka kuhakikisha. Nyumba ya kumi na saba: "Hakuwepo."

Nilijaribu kumweleza kwamba ulikuwa kwenye kitanda chake. Akasema ripoti imeshachapishwa.

Mkweo,
Alfani

Mkongani, Oktoba 23, 1964

Kwa mkwe wangu Alfani, baba wa mjukuu wangu.

Assalaam aleikum. Esha na mtoto uwabusu kwa niaba yangu.

Hilo la "Hakuwepo" nimelikubali, maana nilipokuwa natapika kwa zile sindano kweli sikuwepo. Damu ilikata baada ya sindano ya tano, na haijarudi. Siku hizi nainuka bila kushika mwimo. Sote kumi na mmoja tumepona, na Mbodze amenunua sufuria. Ukija na maswali yako tena, konokono tutakuonyesha mmoja mmoja.

Mvua za vuli zimeanza. Jumatatu tunaingia bondeni kupanda mpunga. Maji ni ya magoti.

Mkweo,
Mwanarusi