Visiki vya Baba Yake Yakubu

Wamaza, tarehe 14 mwezi wa nane

Mupendwa mudogo wangu Grégoire,

Salamu nyingi zikufikie huko Lubumbashi. Uko muzima? Na mukeo Aurélie, mugongo umepona? Sisi tunapumua. Mama anakula, ila usingizi umemukimbia, na sababu ni trakta unayotaka kututumia.

Grégoire, mimi yaya yako, dada yako mukubwa, nakuomba, isimamishe! Uliposema itapakiwa mwisho wa mwezi tulicheza ngoma. Ah, ujinga wetu! Daraja la magogo linatetemeka chini ya pikipiki, litabeba trakta?

Lakini daraja ni jambo dogo. Ndugu yetu Nathanaël ameanza kung'oa visiki shambani, eti majembe ya trakta yasivunjike. Umesahau tunavyolima huku? Tunakata pori, tunachoma, visiki tunaviacha, tunapanda muhogo katikati. Karatasi za shamba hatuna. Visiki ndivyo vinaonyesha ukoo gani ulikata pori kwanza, na kisiki cha mwenzako hakiguswi.

Nathanaël hakuishia kwetu. Alivuka mupaka, akang'oa vya jirani Yakubu, akavichoma.

Yakubu alikuja na watoto wake wanaume, kila mutu na panga. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Aliniambia: "Baba yangu alikata pori hili. Sasa nionyeshe, alikata wapi?" Nililia mbele yake kama mutoto.

Chifu ametuomba tutulie mpaka siku ya soko. Nathanaël hanisikii, anasema wewe mwenye trakta ndiye ulimutuma. Leo asubuhi naye amenoa panga.

Kama unataka kutusaidia, tafuta ile mashine ndogo ya magurudumu mawili, mutu anatembea nyuma yake akiishika. Inafunguliwa vipande, pikipiki mbili zinaileta. Italima mupunga bondeni, ambako hakuna visiki. Huku juu tuachie jembe letu.

Amuri wa pikipiki atafikisha barua hii mujini Kasongo, kwenye mutandao, aipige picha, akutumie kwa simu. Ujibu palepale ili Amuri aniletee jibu, useme wazi kwamba trakta haiji. Nitasoma jibu lako mbele ya Yakubu na Nathanaël, wote wawili.

Musalimie Aurélie, na mutoto wenu Esther-Divine. Mungu akupe moyo mwepesi wa kubadili neno lako.

Mama Rosine, muke wa Yakubu, yule aliyekunyonyesha Mama alipougua, naye anakusalimu. Salamu zake amenipa akiwa ng'ambo ya uzio, kwa sababu amekatazwa kukanyaga kwetu.

Ni mimi yaya yako, nakupenda hata nikikugombeza,
Mathilde