Kaburi la Mbele ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu mzito asubuhi, manyunyu kidogo. Mgomba wa mlangoni ulikuwa hauonekani. Nimepalilia maharage hadi jua lilipochomoza. Nimefagia uwanja. Nimeosha kaburi kwa sabuni.

Keshokutwa mthamini wa benki anakuja kutoka Kayanga kukagua kiwanja. Ni kwa ajili ya mkopo wa nyumba wa askari wastaafu na familia zao. Benki inatoa, serikali inadhamini. Projestus, mume wangu, alistaafu jeshi akiwa sajenti, akafa kabla mpango huu haujafika kwetu. Mjane anaruhusiwa kuomba. Nimeomba.

Ramani ninayo kichwani. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo yenye nondo. Sasa hivi beseni liko chini ya tundu la bati, pembeni ya kitanda.

Deusi, mdogo wake marehemu, alipita akanikuta nasugua vigae vya kaburi. "Mama Koku, marehemu ana vigae, wewe una vumbi. Huyo mtu wa benki atadhani mwenye nyumba ni yeye."

Nilicheka.

Jumatano, 5 Machi
Mvua alfajiri, kisha jua kali. Mthamini alifika na pikipiki. Kijana mpole, shikamoo yake ya kweli, si ya haraka. Alipima mbele, akapima nyuma. Akasimama mbele ya kaburi muda mrefu.

Amekataa.

Alisema, "Mama, ukishindwa kulipa, benki inauza kiwanja. Kaburi haliuziki. Ukoo hautakubali na mnunuzi hatapatikana."
Nikamwambia serikali imedhamini. Akasema serikali inadhamini deni, kiwanja lazima kiwe safi.
Nikamwomba akate kipande chenye kaburi, achukue kilichobaki. Akatazama. Barabara, kaburi, nyumba. Vyote mstari mmoja.
"Ungemzika kule nyuma kwenye migomba, kama watu wengine, ningekukatia leo hii. Hapa umemweka getini, mama."

Mahali pale nilichagua mwenyewe. Wazee walionyesha nyuma, kwenye mlamula wa babu yao, ule mti tunaopanda makaburini na mipakani. Nikakataa. Nilitaka aonekane kutoka barabarani. Kila anayetoka Omurushaka kwenda Kayanga lazima ampite. Nilikuwa namfikiria mtu mmoja hasa.

Sikula. Nimelala saa saba.

Ijumaa, 7 Machi
Mawingu. Shamba sikwenda. Nimekaa.

Jumapili, 9 Machi
Jua. Baada ya misa Deusi alinisubiri nje ya kanisa. Niliona usoni kwamba ana habari na inamwasha.

Kiwanja cha Adventina kimepita.

Huyu Adventina ni mwanamke wa Isingiro, kule Kyerwa. Projestus alianza naye alipostaafu. Padri alimfungisha ndoa na mimi, si na yeye, lakini amezaa naye watoto wawili, na mahakama ilipogawa mirathi ilituandika wote wajane. Alipokufa tuliugombea mwili. Yeye alitaka azikwe Isingiro. Ukoo ulisimama na mimi. Nilishinda. Siku ya mazishi hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Alisimama barabarani na wanawe hadi udongo ukajaa.

Ndiyo maana kiwanja chake ni safi. Mimi ndiye niliyemsafishia.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nina wivu na saruji yake, na vioo vyake ambavyo bado havijanunuliwa. Nikifumba macho naona taa yake inawaka sebuleni.

Saa nane nilikuwa bado macho.

Jumanne, 11 Machi
Manyunyu. Nimechukua mfuko wa maharage, nikamwambia jirani naenda kuuza Omurushaka. Nikauza upesi, bei mbaya. Kisha nikapanda gari la Kyerwa.

Isingiro sikushuka karibu na kwake. Nilitembea, kitenge kichwani kama mtu anayekwenda msibani. Nikasimama kwenye mibuni ya jirani yake.

Kiwanja tambarare. Kimefyekwa. Tofali za kuchoma zimefunikwa nyasi. Kamba imeshafungwa kwenye vigingi, na vyumba ni vitatu. Vitatu kama vyangu.

Yeye alikuwa analima. Miguuni amevaa buti za jeshi. Za Projestus. Zile za kisigino alichokitengenezesha Kayanga. Nimezitafuta tangu afe. Nimefungua kila gunia nyumbani. Nilimtuhumu hata Deusi.

Nyumba ningemsamehe. Buti hapana.

Nimerudi nimelowa. Sijui nimelala saa ngapi.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ya upepo, imeangusha migomba miwili. Mtendaji wa kata ameniita. Mkopo ni mmoja kwa kila askari. Wajane wakiwa wawili, mmoja akiomba, mwingine lazima akubali kwa saini mbele ya mtendaji. Adventina ameshaomba. Nisipokubali, ombi lake linakufa.

Nilimwambia mtendaji nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Deusi alinikuta njiani, hawezi kukaa na jambo. "Waitu, Mama Koku! Kisu umeshika wewe mpini sasa. Mwache na vigingi vyake, afungie mbuzi."
Nimefurahi siku nzima. Nimepika ndizi na nyama bila sababu. Mvua imeanza tena, beseni linalia, na bado nimefurahi. Asipojenga yeye, tutakuwa sawa.

Nimelala saa nne. Usingizi mzuri.

Jumamosi, 22 Machi
Mvua hadi saa tatu asubuhi, kisha ikakatika. Uwanja wote tope.

Adventina amekuja.

Nilimwona anashuka kwenye bodaboda. Akasimama palepale aliposimama siku ile. Amevaa gauni la kanisani na buti za Projestus. Sijui kama ni ujeuri au ni tope. Nadhani ni tope.

"Shikamoo, dada."
"Marahaba. Umekuja kutaka saini."
"Nimekuja kumwona yeye kwanza. Saini utanijibu nikitoka, hata kama ni matusi."

Nilitaka kumfukuza. Maneno niliyapanga tangu Alhamisi. Badala yake nikasogea mlangoni, akapita.

Alipofika kwenye vigae alivua buti. Akaziweka pembeni, pua zikitazama nyumba. Projestus alikuwa anaziacha hivyohivyo akitoka shambani. Nikashika mwimo wa mlango.

Alipiga magoti. Akang'oa nyasi kwenye ukingo ambazo mimi sikuziona. Akaongea naye Kinyambo, lugha yetu, chini chini. Nikatega sikio, sikupata hata neno. Nikaona wivu upya, wivu wa kike kabisa, kama vile yu hai na wananong'ona mbele yangu.

Kisha akageuka.
"Wanangu wakiniuliza baba yuko wapi, nawaambia yuko kwa mama mkubwa. Yule mdogo anadhani ni safari. Anauliza atarudi na nini."
Nikasema, "Wewe una kiwanja. Benki inakutaka."
"Chukua kiwanja, dada. Chukua na tofali. Nipe yeye."

Hakutania. Macho yalikuwa makavu.

Nikatazama nyumba yangu, ukuta uliolika chini, bati jekundu kwa kutu. Nikaona madirisha ya vioo, taa, vyumba vitatu. Vyote nikavitaka. Halafu nikatazama vigae. Jibu lilikuja kabla sijalitafuta.

"Hapana," nikamwambia.
"Najua," akasema. "Hata mimi nisingekupa."

Kuku walipita kati yetu. Nikaingia ndani, nikatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile cha wageni. Deusi angeniona angezimia. Akachukua punje kwa mikono miwili. Tukatafuna, tukatazama barabara.

Nikamwuliza kama buti zinamtosha. "Zinanipwaya, dada. Natia majani ya migomba ndani." Nikacheka kabla sijajizuia. Naye akacheka. Kisha nikakasirika kwamba tumecheka.

Saini sikumjibu. Nilimwambia tu Jumatatu asichelewe ofisini kwa mtendaji.

Nimelala saa tano na nusu.

Jumatatu, 24 Machi
Jua tangu jana, uwanja umeanza kukauka. Nimetia saini. Mtendaji aliuliza mara mbili kama nimelazimishwa. Nikamwambia hakuna wa kunilazimisha.

Adventina alisema watoto atawaleta Pasaka wamwone baba yao. Hakuomba ruhusa, alisema tu. Nikamwambia awanunulie viatu vya tope.

Sijisikii mwema. Wivu upo palepale. Atakuwa na sakafu ya saruji, mimi nitakuwa na beseni. Nikilala nitaisikia mvua yangu ndani na nitajua yeye haisikii yake. Sitamwombea mabaya. Mazuri pia bado.

Deusi hanisemeshi. Leo kapita bila kugeuza shingo.

Jumanne, 25 Machi
Asubuhi shwari, hakuna ukungu. Vilima vya upande wa Kyerwa vinaonekana hadi mbali.

Nilitoka na ufagio kama kawaida. Tope limekauka. Nyayo za buti zimeganda kwenye udongo, imara kama tofali. Zinaanzia barabarani, zinakuja moja kwa moja hadi kaburini. Kisigino kile cha Kayanga kinaonekana wazi. Mtu asiyejua angesema Projestus ametoka safari, ameingia kwake.

Nilisimama nazo muda. Nikafagia pembeni, kulia na kushoto. Pale katikati sikugusa.

Jioni mawingu yamekusanyika upande wa Omurushaka. Nimelisogeza beseni chini ya tundu. Nimelala saa tatu.