Mshipa Usioweza Kungoja

Dada Mwanakombo,

Nimeanza na shikamoo nikaifuta, kwa kuwa bila marahaba yako inabaki hewani. Nakuandikia kutoka chumba kilekile, ghorofa ya sita, katika mji huu wa baridi ambao miaka arobaini haijaufanya wangu.

Unakumbuka nilivyokueleza kwenye simu: figo zimekufa, mishipa ya mkono inaziba kwa sindano, na hapa hospitali wanayo mashine inayounda mshipa mpya kwa seli zilizotolewa mwilini mwangu. Inazipanga tabaka kwa tabaka, bila mkono wa mtu. Nilisema inasuka, na wewe, msuka mikeka wa Msambweni, ukadakia: "Ikikosea, inafumua?" Nikamuuliza fundi. Haifumui. Ikikosea, hutupa mshipa wote na kuanza upya.

Ndivyo nilivyonaswa. Mara tatu kwa wiki mashine moja inaninyonya damu na kuisafisha. Siku zilizobaki naingojea hii nyingine. Uliponiita nyumbani nilikujibu kama karani: siwezi, mshipa unakaribia kukamilika, una uhai, hauwezi kungoja.

"Na mimi je, Juma? Naweza kungoja?"

Ulicheka, ukaniita mzungu wako mweusi, ukaulizia baridi. Nami nikakupa habari za baridi. Za baridi, Dada!

Wiki mbili baadaye Zuhura, binti yako, alipiga simu. Walikuwa wameshakuzika, baada ya adhuhuri.

Mshipa ulikaguliwa siku ya tatu ya matanga yako. Ukakutwa unavuja. Niliomba wanipe niuzike, maana kwetu kilichotoka mwilini huzikwa. Fundi akanitazama kwa huruma, akasema umeshachomwa pamoja na taka.

Jana wameleta fomu ya kuanza mwingine. Nimeirudisha bila sahihi. Nimemwomba Zuhura anitafutie nafasi ya kusafishwa damu Mombasa, na daktari amekubali, shingo upande, kuniandikia barua. Mshipa uliobaki mkononi, anasema, utastahimili kwa muda. Hakusema muda gani, nami sikumuuliza.

Nakuahidi nitakuja. Nitakaa kaburini kwako nikusomee Yasini kwa sauti, pole pole, bila kutazama saa. Na kama sitafika kwa miguu yangu, nimeshamwagiza Zuhura: nafasi iliyo kushoto kwako asimpe mtu.

Mungu akunurishie kaburi, Dada.

Mdogo wako,
Juma